Kijana Ameandikiwa, Hajaulizwa

Simu moja, kioo kimepasuka kama utando wa buibui, na vichwa vitano vimeiinamia. Ni Magindu, Kibaha Vijijini, saa kumi na moja jioni, chini ya mwembe wa dada yangu. Aliyeshika simu ni mpwa wangu wa kidato cha tatu, na anawasomea wenzake kwa sauti. Akifika mwisho anatamka lile neno linalochukiwa kuliko matusi: "Itaendelea." Hapo kelele zinapanda. Mmoja anadai mwandishi amekatisha pale makusudi ili watume jero wapate sehemu ya 15. Mwingine, kijana wa bodaboda aliyemaliza kidato cha nne, anasema hata angeitoa bure, yeye haitaki tena: "Sehemu ya tisa kamuua baba mtu, sehemu ya kumi na tatu kamfufua. Huyu ameishiwa."

Nimehudhuria makongamano ya fasihi, nikala maandazi yake, nikasikiliza mada zenye vichwa virefu kuliko mabehewa ya mizigo. Ni mara chache nimesikia uhakiki mkali na wa haki kama ule. Kijana yule anajua jambo ambalo baadhi ya wahariri wetu wamelisahau, kwamba maiti wa hadithini hafufuki hivi hivi. Sababu ya kufufuka kwake lazima iwe imepandwa mapema. Halafu nirudi mjini nikutane na mheshimiwa fulani mwenye vitabu vitatu kabatini, vyote vyake, aniambie vijana wa siku hizi hawasomi. Wanasoma, mzee. Hawakusomi wewe.

Wanasoma usiku wakati bando ni la bei nafuu. Wanasoma kwa zamu kwenye simu ya kaka. Wanasoma simulizi za Facebook na za makundi ya WhatsApp, nyingi zikiwa mbovu, zimejaa makosa ya herufi na matajiri wenye Range Rover wanaowagonga wasichana maskini barabarani kisha kuwaoa. Ubovu huo wanaujua kuliko mimi. Mpwa wangu alinihesabia kwa vidole mambo yanayomchosha: tajiri, ajali, kupoteza kumbukumbu, pacha aliyefichwa. "Mjomba, kwani hakuna watu wanaokutana kisimani?" aliniuliza. Na bado anasoma, kwa sababu kwenye rundo lile la takataka kuna kitu ambacho vitabu tunavyompangia havimpi. Mwandishi wa simulizi anamwogopa. Akichoka yeye, jero haitumwi. Mwandishi wa kitabu cha kiada hana hofu hiyo, maana msomaji wake amefungiwa darasani na mlango umekomewa kwa mtihani.

Niliwauliza kuhusu vitabu vya shule. Kwanza walinyamaza, kile kimya cha mwanafunzi anayehisi anapewa jaribio. Kisha wakaanza kunitajia dhamira. Nilisema sitaki dhamira, nataka kujua kama hadithi ni tamu. Wakatazamana. Mmoja akakiri kwamba Joka la Mdimu hajawahi kulifungua. Alichonacho ni uchambuzi wake, kurasa sita alizonakili ubaoni, kwa sababu nakala za kitabu zilikuwa chache na darasa limejaa. Ujumbe, falsafa na migogoro ya kitabu kile anavijua vyote. Asichokijua ni sentensi yake ya kwanza. Ni sawa na kumfundisha mtu ladha ya wali wa nazi kwa kumkaririsha bei ya nazi.

Wawili waliokuwa wamesoma vitabu vyenyewe walikuwa na maneno, na hapo ndipo jioni yangu ilipoharibika. Walianza na Watoto wa Mama N'tilie cha Emmanuel Mbogo. Kimechapwa 2002 na wanafunzi wamekisoma kwa takribani miongo miwili. Ni kitabu cha mtu anayejua kuandika, na wala hawakukataa hilo. Walichosema ni kwamba Zita na Peter wanafukuzwa shule kwa kukosa ada na sare, na wao ada hawaijui: sekondari ya serikali haitozi ada kwa kidato cha kwanza hadi cha nne tangu 2016. Wanachokijua ni michango, na umbali. Watoto wale wanakwenda kuokota jalalani Tabata. "Tabata kuna jalala wapi?" aliuliza kijana wa bodaboda, ambaye ana shangazi kule. Nikalazimika kueleza kwamba jalala la Tabata lilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 baada ya wakazi kulishitaki jiji mahakamani, na kwamba leo taka za Dar es Salaam zinakwenda Pugu Kinyamwezi. Wakacheka. Jalala limefungwa kabla hawajazaliwa, na sisi bado tunawapeleka kuokota huko.

Msinielewe vibaya. Kitabu cha zamani hakiozi kwa sababu ni cha zamani. Aibu ni kwamba tunakipa kijana wa leo na kumwambia hiki ndicho kioo chako, jitazame, halafu akisema haonekani humo tunamkata alama.

Na ndani ya vioo hivyo kijana ni nani? Pitia orodha ya vitabu vilivyotawala madarasa yetu ya sekondari, vya Kiswahili na vya Kiingereza. Kilio Chetu, ukimwi. Passed Like a Shadow, ukimwi tena. Unanswered Cries, ukeketaji. Watoto wa Mama N'tilie, dawa za kulevya. Kila kimoja peke yake ni kazi halali, na baadhi vilihitajika kama maji wakati vinaandikwa. Lakini ukiviweka pamoja mezani unaona picha ya kutisha: kijana ni mgonjwa anayesubiri dozi, na sisi wazee ndio wenye bomba la sindano. Yeye hachekeshi, hana akili ya kumzidi baba yake, wala hapendi mtu bila kuadhibiwa kabla ya ukurasa wa mwisho.

Msichana mmoja pale mwembeni, mkimya kuliko wote, alisema neno ambalo nimelibeba hadi leo. Alisema hadithi zote alizosoma zinazohusu msichana aliyepata mimba shuleni zinaishia kwenye mimba. Ama anafukuzwa, ama anakufa, ama anakwenda mjini kupotea. "Siku hizi anarudi shule," alisema. "Hadithi ianzie hapo. Anarudi, mtoto kamwacha kwa bibi, maziwa yanamjaa katikati ya hesabu. Hiyo mbona hawaandiki?"

Hapo ni Pwani, ndugu msomaji. Ni mkoa huu huu ambamo Juni 2017 Rais Magufuli alitangaza kwamba mwanafunzi aliyejifungua hatarudi shuleni yeye akiwa madarakani. Novemba 2021 mlango ule ulifunguliwa kwa tamko la Wizara ya Elimu. Sera ya nchi imegeuka katika umri wa msichana yule, na riwaya ya kijana imekaa pale pale, imekunja mikono, ikisubiri binti aanguke. Mwaka 1972, Penina Muhando alipotoa tamthilia ya Hatia kuhusu msichana anayerudi kijijini na mimba, lilikuwa jambo jipya na la ujasiri. Zaidi ya nusu karne baadaye, anayeandika kwamba mimba ndio mwisho wa safari anaandika uvivu.

Nitakiri kosa langu moja. Nilikwenda pale nikiwa na hakika kwamba wataiponda Takadini. Nilijiambia: hadithi ya Ben Hanson, ya Zimbabwe, imetafsiriwa, ina vijiji na majina ya Kishona, itawagusa vipi watoto wa Magindu? Nilikuwa nimeshaitayarisha hata hasira yangu. Mpwa wangu akanivuruga. Alisema ndicho kitabu pekee cha shule alichokisoma mara mbili bila kulazimishwa. Mama anamzaa mtoto mwenye ualbino, jamii inataka mtoto auawe, mama anambeba na kutoroka naye. Hakuhitaji ramani ya Zimbabwe kuelewa hilo. Watoto wa nchi hii wamekua wakisikia redioni habari za watu wenye ualbino kukatwa viungo. Alichokichukia ni namna kitabu kilivyofundishwa. "Mimi nilitaka tumzungumzie mama, alivyoogopa njiani usiku. Sisi tukaandika nafasi ya mwanamke katika jamii, hoja tatu."

Kwa hiyo sisemi kila kijana aandikiwe habari za kijijini kwake. Hilo nalo ni dharau, kumfungia mtoto wa Magindu ndani ya Magindu. Nasema hatukujua anachokipenda kwa sababu hatukumwuliza. Mimi mwenyewe sikujua, na ni damu yangu.

Tazama tuzo. Kwa miaka kadhaa Tanzania ilikuwa na Tuzo ya Burt, iliyoletwa na shirika la CODE la Kanada na kuendeshwa hapa na Mradi wa Vitabu vya Watoto, mahususi kwa riwaya za vijana. Ilikuwa nia njema, fedha nzuri na vitabu vilivyochapwa vikapelekwa mashuleni. Vilikuwa vya Kiingereza. Naam, riwaya za vijana wa Kitanzania, kwa vijana wa Kitanzania, katika lugha ambayo wale watano chini ya mwembe wanaitumia kujibu mitihani na kusalimia wageni tu. Tuzo ya Safal-Cornell, iliyoanza kama Mabati-Cornell, imeitendea haki lugha yetu. Ndiyo iliyotuletea Mungu Hakopeshwi ya Zainab Alwi Baharoon. Lakini haikuanzishwa kwa ajili ya msomaji wa miaka 16, wala haijidai hivyo.

Iliyobaki ni Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania na kutolewa kwa mara ya kwanza Aprili 13, 2023. Hii ni ya kwetu, kwa Kiswahili, na ahadi yake ni kwamba kazi zinazoshinda zitachapwa na kufika mashuleni. Yaani wanaoamua mshindi wanaamua pia nini mpwa wangu atasoma. Sasa nauliza, na naomba nijibiwe na mtu mwenye cheo: kwenye meza ile ya majaji, kiti cha kidato cha tatu kiko wapi? Nimeona maprofesa wakitambulishwa, na wanastahili. Mwanafunzi sijamwona bado. Ni harusi ambayo mshenga, kamati na wapishi wote wapo, bwana harusi ndiye hajaalikwa.

Mtaniambia hayo ni mambo ya Ulaya. Ni kweli Wafaransa wanayo: tangu 1988 wanafunzi wa sekondari zao husoma vitabu vile vile vinavyoshindania Goncourt, tuzo yao kubwa, wakabishana kwa majuma kadhaa na kumtangaza mshindi wao. Lakini hatuna haja ya kupanda ndege. Mwaka 1996, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Penina Mlama na Amandina Lihamba walianzisha Tuseme. Wasichana wa sekondari walitunga maigizo kuhusu matatizo yao wenyewe, wakayacheza mbele ya walimu na wazazi, na watu wazima wakakaa kwenye mabenchi kusikiliza. Na Mlama huyo, ambaye ndiye yule Penina Muhando wa Hatia, ndiye aliyeongoza kamati ya Tuzo ya Nyerere. Anayejua kumkalisha mtu mzima chini asikilize alikuwa tayari mezani! Kinachokosekana ni mtu wa kuidhinisha nauli.

Chukueni miswada mitano ya mwisho, futeni majina, itoeni nakala. Moja ije Magindu, nyingine ivuke Mzenga upande wa Kisarawe, nyingine Masasi, Micheweni, popote. Wapeni mwezi mmoja. Msiwape maswali ya dhamira. Waulizeni walipopiga miayo ni ukurasa wa ngapi. Kura yao iwe na uzito halisi ndani ya matokeo, siyo picha ya ukumbusho na fulana.

"Watachagua mapenzi na mauaji," ameniambia rafiki yangu mwalimu mstaafu. Huenda. Nilimkumbusha kwamba mwaka fulani tulipokuwa bweni moja, alikuwa akisoma Kufa na Kupona ya Elvis Musiba kwa tochi ndani ya shuka, na Willy Gamba alimfundisha kupenda kitabu kabla ya mwalimu yeyote. Alinyamaza, kisha akasema ile ilikuwa tofauti. Kila kizazi kina "ile ilikuwa tofauti" yake.

Jua lilipozama Magindu tulikuwa bado tunabishana. Kijana wa bodaboda alikuwa amekwenda na kurudi na abiria wawili, kila akirudi anadai arudiwe alichokikosa. Mpwa wangu alikuwa na daftari magotini. Kumbe muda wote alikuwa anaandika, ameorodhesha kila mtu alichosema na jina la kitabu pembeni.

"Mjomba," akaniuliza, "haya tuliyosema yanaweza kutoka kwenye mtihani?"

Nikamwambia hayatoki. Akachana ukurasa taratibu, asiharibu mshono wa daftari, akanipa mimi, akachukua ndoo.