Tupeni Mtangazaji wa Kiswahili Asubuhi

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Shirika la Utangazaji la Taifa la Zambia (ZNBC), Lusaka

Mheshimiwa,

Nakuandikia kutoka Mantapala, wilayani Nchelenge, makazi yaliyofunguliwa mwanzoni mwa 2018 kwa ajili yetu tuliokimbia vita katika majimbo ya Haut-Katanga na Tanganyika, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Nina ombi moja: anzisheni habari za asubuhi kwa Kiswahili kwenye televisheni, zisomwe na mwandishi aliyefunzwa kazi hiyo.

Shirika lenu hutangaza kwa Kiingereza na kwa lugha saba za nchi, Kibemba kikiwemo. Wengi wetu Kibemba tunakielewa. Lakini wapo wazee na akina mama ambao Kibemba chao kinaishia kwenye bei ya samaki wadogo wa chisense sokoni, na Kiingereza hawana kabisa. Tazama wanavyopata habari. Kwenye kibanda cha kuchajia simu kuna televisheni ndogo ya sola. Kipindi cha asubuhi kikianza, mtoto wa shule husogezwa mbele ili atafsiri. Mtangazaji anamhoji daktari, mahojiano yanakolea, mtoto ametega sikio. Mwishowe anageuka: "Wanasema maji yachemshwe." Basi. Ugonjwa umefika wapi, dawa zinapatikana wapi, daktari alijibu nini alipobanwa, hayo yote hayakumfikia mtu. Na mtoto hana kosa, tena anachelewa darasani.

Kipindupindu kilipoizidi nchi kuanzia Oktoba 2023, hadi shule zikachelewa kufunguliwa mpaka Februari 2024, kukosa habari kamili kulikuwa hatari kwa uhai wa mtu. Hata kila Desemba, uvuvi unapofungwa Ziwa Mweru hadi mwisho wa Februari, wauza samaki wetu wanahitaji kujua sheria inasema nini hasa kabla hawajatia mtaji wao.

Najua nitajibiwa kwamba matangazo ya vipaza sauti yapo. Yapo, na tunayashukuru. Ila kipaza sauti hutuambia la kufanya, hakimuulizi mkubwa yeyote swali. Mwandishi wa habari huuliza. Tangu mwishoni mwa 2021 wenzetu wamekuwa wakirejea Pweto, Kongo, kwa hiari yao. Mama anayewaza kama afunge mizigo au abaki anataka mtu amuulizie afisa, mbele ya kamera, kwa lugha anayoifuata neno kwa neno: usalama ukoje huko? Shamba langu analima nani sasa? Vita vikirudi, nitapokelewa tena Zambia? Ng'ambo ya ziwa, Radio Okapi inatangaza habari kwa Kiswahili tangu 2002, tena pamoja na Kifaransa na lugha nyingine tatu. Kwa hiyo kazi yenyewe inawezekana.

Na Lusaka haihitaji kufundishwa ukarimu wa namna hii. Miaka ya ukombozi, redio ya Zambia iliwapa wakimbizi wa siasa wa kusini nafasi hewani, na sauti ya ANC ikasikika kutoka hapo hadi Afrika Kusini. Mwaka 2019 Zambia ilikuwa miongoni mwa nchi za SADC zilizokipokea Kiswahili kuwa lugha rasmi ya jumuiya. Huku kwetu lugha hiyo ndiyo ya kulilia na kuombea.

Vijana wapo. Wamesomea hapa, na wanapita toka Kiswahili kwenda Kibemba na Kiingereza bila kujikwaa. Chukueni wawili, wakae na watangazaji wenu wa asubuhi, ambao mimi nawaheshimu kwa dhati, wajifunze kuhoji, kuhakiki na kusoma habari. Walipwe mshahara. Nalisisitiza hili kwa sababu mkimbizi huombwa kujitolea kila mara, na mwandishi mwenye njaa hawezi kumuuliza afisa swali gumu.

Dakika kumi kila Jumamosi zinatosha kuanzia. Tukipata jibu lako kupitia ofisi ya Kamishna wa Wakimbizi, tutawakusanya vijana wanaotaka kufanyiwa usaili, na mahali pa kuwafanyia tutapatafuta wenyewe.

Wako mtiifu,
Mzazi na mkazi wa Mantapala