Hesabu ya Wanga Ni Sehemu ya Dawa

Katika kisukari cha aina ya kwanza, kongosho hushindwa kutengeneza insulini, na mgonjwa huishi kwa sindano maisha yake yote. Mahitaji ya insulini hubadilika kila siku kwa mlo, kazi na maradhi, ilhali daktari humwona mgonjwa mara chache kwa mwaka. Je, mgonjwa afundishwe kubadilisha dozi mwenyewe, au ashike ile iliyoandikwa kwenye kadi ya kliniki?

Hesabu yenyewe huanzia jikoni, kwa kuwa wanga ndio unaopandisha sukari zaidi baada ya kula. Gramu 100 za unga wa mahindi zina takriban gramu 75 za wanga. Ugali wa nusu kilo ya unga basi una gramu 375, na anayekula sehemu moja kati ya tano hupata gramu 75. Kinachopimwa ni unga, maana maji huongeza uzito wa ugali bila kuongeza wanga. Ikiwa yuniti moja ya insulini ya muda mfupi hukidhi gramu 10 kwa mgonjwa huyo, mlo unadai yuniti 7.5. Sukari yake ikiwa 14 mmol/L kabla ya kula, lengo likiwa 7, na yuniti moja ikiishusha kwa 2, huongeza 3.5, jumla ni 11. Viwango hivi hutofautiana baina ya watu, hata baina ya asubuhi na jioni. Hupatikana kwa kupima, kuandika na kujadiliana na mtaalamu.

Hofu kubwa ya wanaopinga mgonjwa kubadilisha dozi mwenyewe ni sukari kushuka kupita kiasi, na hofu hiyo ina msingi. Utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada uliotangazwa mwaka 1993 ulionyesha kuwa kudhibiti sukari kwa makini hupunguza sana madhara ya macho, figo na neva, lakini matukio makali ya sukari kushuka yaliongezeka takriban mara tatu. Jibu lilitoka kwenye mafunzo. Huko Düsseldorf, Ujerumani, kundi la Michael Berger lilifundisha wagonjwa kwa siku tano mfululizo kulinganisha dozi na chakula. Uingereza iliiga mpango huo kwa jina la DAFNE, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2002 yalionyesha udhibiti bora wa sukari na maisha yenye uhuru zaidi, bila matukio hayo kuongezeka. Tena, dozi isiyobadilika haina usalama wa pekee: anayejidunga kama kawaida kisha akala kidogo hushukwa na sukari vilevile.

Hoja kwamba wagonjwa wengi wana elimu ndogo nayo haitoshi. Kujumlisha na kugawanya kwa namna hii hakuhitaji chuo, na asiyeweza anaweza kusaidiwa na ndugu au jedwali la vyakula vya nyumbani. Kikwazo kizito zaidi ni vifaa. Bila stripu za kupimia, hesabu hugeuka kubahatisha. Anayetumia insulini iliyochanganywa tayari, kwa mfano ya 30/70, pia hawezi kurekebisha kila mlo peke yake, kwa sababu akiongeza ya muda mfupi huongeza na ya muda mrefu. Kwake, ujuzi wa wanga humsaidia kula kiasi kinacholingana kila siku kwa saa zilezile.

Kwa hiyo chupa ya insulini isitolewe peke yake. Iandamane na stripu, na mafunzo ya siku kadhaa yenye vyakula vinavyopikwa nyumbani, yakirudiwa kila mwaka. Mafunzo hayo yagusie dharura pia: sukari ikiwa chini ya 4, mgonjwa ale gramu 15 hadi 20 za sukari kisha apime tena baada ya dakika 15, na akiugua asiache insulini hata kama hali chakula vizuri. Mgonjwa aliyefuzu haya apewe mamlaka ya kubadilisha dozi, na kliniki ipitie daftari lake kila anapokuja.