Aya Inayonyamazishwa

Pasaka ya mwaka 1985 Rais P. W. Botha alialikwa Moria, makao makuu ya Zion Christian Church. Mbele ya umati mkubwa wa waumini ambao sheria za nchi hazikuwaruhusu kumpigia kura wala kumnyima, aliwakumbusha sura ya 13 ya Waraka kwa Warumi: mamlaka imetoka kwa Mungu, na atendaye mema hana cha kumwogopa mtawala. Julai serikali yake ilitangaza hali ya hatari. Septemba wachungaji na wanatheolojia zaidi ya 150 walitia saini Waraka wa Kairos, uliozaliwa katika mazungumzo ya Soweto na kutolewa hapa Johannesburg na Institute for Contextual Theology, taasisi iliyoongozwa na Frank Chikane. Wao nao walifungua sura ya 13, lakini ya Ufunuo, ambako dola ni mnyama aliyepewa nguvu na joka, na ole wake anayemsujudia. Dola inayozungumziwa katika sura zote mbili ni ileile ya Kirumi. Agano ni lilelile, na kitabu kimefungwa kwa jalada moja.

Tunapoulizwa kwa nini Biblia huonekana kujipinga, majibu mawili huwa yako tayari mdomoni. La kwanza husema kwamba mgongano uko machoni pa msomaji; akisoma kwa utulivu na kwa imani, utatoweka. La pili husema kwamba kitabu kinachowapa hoja Botha na Chikane kwa mwaka mmoja hakina neno lake chenyewe, kila mtu hujichotea atakalo. Majibu haya hujiona kuwa maadui, kumbe yametoka shina moja. Yote mawili yanachukulia kwamba maandiko yenye sauti mbili ni maandiko yenye kasoro, na yanachogombania ni kama kasoro hiyo isitiriwe au itangazwe. Ninachotaka kudai hapa ni kitu kingine: sehemu kubwa ya mikinzano ya Biblia iliachwa humo na watu walioiona vizuri, na balaa lililofanywa kwa Biblia katika nchi hii lilitokana zaidi na kazi ya kuificha mikinzano hiyo kuliko na mikinzano yenyewe.

Tuanze na ushahidi mwepesi. Katika sura ya 26 ya Mithali, aya ya 4 inakataza kumjibu mpumbavu, na aya ya 5 inaagiza ajibiwe. Hakuna mhariri anayesahau alichokiweka mstari mmoja juu. Ushahidi mzito zaidi ni wa Yehu. Kitabu cha Pili cha Wafalme kinasimulia jinsi alivyowaua mfalme Yoramu na Yezebeli, akaletewa Yezreeli vichwa vya wana sabini wa Ahabu vikiwa vikapuni, kisha Bwana akamsifu kwa kazi hiyo na kumwahidi kiti cha enzi hadi kizazi cha nne. Karne moja hivi baadaye kinaanza kitabu cha Hosea, na katika sura yake ya kwanza kabisa Bwana huyohuyo anasema ataipatiliza nyumba ya Yehu kwa sababu ya damu ya Yezreeli. Hapa hakuna hesabu ya siku wala jina la kijiji lililokosewa. Swali ni kama Mungu alipendezwa na mauaji ya kisiasa au la, na Israeli ilijibu mara mbili, kila jibu likiwa kinyume cha jingine. Waliokusanya vitabu hivyo wangeweza kumtupa Hosea, au kufuta aya moja katika Wafalme, kazi ya dakika chache kwa mwandishi mwenye kisu na wino. Hawakufanya hivyo. Kanisa nalo lilipojaribiwa kwa njia hiyo lilikataa. Karibu na mwaka 170 Tatiano aliziunganisha Injili nne kuwa simulizi moja isiyojikwaa, na makanisa ya Siria yaliitumia kwa vizazi kadhaa; katika karne ya tano Askofu Theodoreto wa Kiro alikusanya nakala zake zaidi ya 200 akaziondoa makanisani na kurudisha zile nne, pamoja na nasaba mbili za Yesu zisizolingana.

Lakini mfano unaotugusa zaidi sisi wasomaji wa Kiswahili tunaoishi katika jiji hili ni ule wa mgeni. Kumbukumbu la Torati, sura ya 23, linamfungia Mmoabi mlango wa kusanyiko hata kizazi cha kumi. Ezra na Nehemia, wakiwa na watu waliotoka uhamishoni wakihofia kumezwa na mataifa, wanaichukua amri hiyo kwa uzito wote: wanawake wa kigeni wanafukuzwa, na watoto wao pamoja nao. Kisha kuna kitabu kidogo cha Ruthu, ambacho humtaja shujaa wake kwa kabila lake tena na tena, Ruthu Mmoabi, kana kwamba mwandishi anaogopa tusije tukasahau, na mwisho kinatufahamisha kwamba mwanamke huyo ni mama yake Obedi na bibi wa Yese, baba yake Daudi. Kwa hesabu ya Kumbukumbu la Torati, Daudi mwenyewe asingeruhusiwa kuingia. Isaya 56 inakwenda mbali zaidi na kumwahidi mgeni nafasi ndani ya nyumba ya Bwana. Ezra ana hofu yake ya haki, maana jamii ndogo iliyovunjwa na vita ina sababu ya kuhofia kutoweka. Ruthu naye ana haki yake. Biblia haikuamua kati yao, iliwaweka wote wawili ndani.

Sasa tazama kilichotokea hapa. Mwaka 1857 sinodi ya Kanisa la Reformed la Kiholanzi, NGK, ilikiri waziwazi kwamba inafaa na inapatana na Maandiko waumini weusi wapokewe katika sharika zilezile za weupe. Ila kwa sababu ya udhaifu wa baadhi ya watu, iliruhusu wakusanyike kando. Soma tena uamuzi huo. Maandiko yanasema hivi, udhaifu wetu unasema vile, na sinodi inajua tofauti. Baada ya hapo kazi ya vizazi vitatu ilikuwa kuufanya udhaifu uitwe Maandiko. Mwaka 1944, katika mkutano wa Bloemfontein, mshairi na mwanatheolojia J. D. du Toit, aliyejulikana kama Totius, alijenga msingi wa kidini wa ubaguzi juu ya Mungu anayetenganisha: aliyetenga nuru na giza, aliyetawanya watu Babeli. Huyu hakuwa mtu aliyeokota aya njiani. Alikuwa mmoja wa watafsiri wakuu wa Biblia ya Kiafrikana iliyotoka mwaka 1933, kwa hiyo Ruthu, Isaya na Wagalatia vilipita mikononi mwake neno kwa neno. Ripoti ya NGK ya mwaka 1974 iliendeleza njia hiyo kwa Babeli na kwa Matendo 17:26, ikikazia mipaka ya makazi ya mataifa na kulegeza nusu ya kwanza ya aya hiyohiyo, isemayo kwamba mataifa yote yametokana na mtu mmoja. Mwaka 1949 ndoa za mchanganyiko zilikuwa zimeshapigwa marufuku kwa sheria iliyodumu hadi 1985. Ruthu na mumewe Boazi, wangeishi hapa, wangekamatwa.

Wapo waliosema mapema. Ben Marais na B. B. Keet, wote wa NGK, walipinga kwa vitabu na mihadhara. Desemba 1960, miezi tisa baada ya polisi kuua watu 69 Sharpeville, wajumbe wa makanisa walikutana Cottesloe, kwenye bweni la Chuo Kikuu cha Witwatersrand, wakatamka kwamba hakuna msingi wa Maandiko wa kukataza ndoa za mchanganyiko. Waziri Mkuu Verwoerd alikasirika, na sinodi za NGK zikalikana tamko lililotolewa na wajumbe wao wenyewe. Mmoja wa wajumbe hao, Beyers Naudé, alipolazimishwa mwaka 1963 kuchagua kati ya uchungaji wake na Taasisi ya Kikristo aliyoianzisha, alihubiri usharikani kwake hapa Johannesburg juu ya Matendo 5:29, kuhusu kumtii Mungu kuliko wanadamu, kisha akauacha uchungaji.

Mwenye imani atasema bado hatujamjibu: Warumi na Ufunuo havipingani, ni nyakati tu zinazotofautiana. Paulo aliandika karibu na mwaka 57, kabla Nero hajawageukia Wakristo; Ufunuo wasomi wengi wanauweka karibu na mwaka 95, damu ikiwa imeshamwagika. Hilo ni kweli, na waandishi wa Kairos walilitumia wao wenyewe: walieleza kwamba Paulo alikuwa akiwajibu Wakristo waliodhani wamefunguliwa kutoka kwenye utii wa serikali yoyote ile, na kwamba hakuwa anatoa cheti kwa kila mtawala. Lakini historia inaeleza kwa nini watu wawili walisema mambo mawili. Haimwambii mtu wa Soweto mwaka 1985 kama anaishi wakati wa Paulo au wa Yohana wa Patmo. Hilo lazima alipambanue mwenyewe, kwa kuangalia kile dola inachokifanya mtaani kwake. Tena dawa hii haifiki kwa Yehu, maana Hosea anahukumu tendo lilelile lililosifiwa.

Pingamizi zito zaidi halitoki kwa wasioamini. Linatoka kwa Itumeleng Mosala, katika kitabu chake cha mwaka 1989 kuhusu usomaji wa Biblia na theolojia ya weusi. Mosala aliwashambulia hata wenzake, Desmond Tutu na Allan Boesak, kwa sababu walisema kwamba ubaguzi umeipotosha Biblia. Kwake yeye, sauti ya wenye mashamba na makasri imo kweli ndani ya Biblia, hata katika kitabu cha nabii Mika, kwa sababu walioandika na kuhariri walikuwa na masilahi yao. Aliyefaidika na ubaguzi hakuhitaji kupotosha kitu. Alikuta ndugu zake humo. Naona Mosala ana haki kwa kiasi kikubwa, na ndiyo maana utetezi wa juujuu kwamba Biblia ilitumiwa vibaya haunitoshi. Ila akishasema kwamba Biblia ni uwanja wa mapambano, amekiri pia kwamba upande wa pili umo: mtawala aliyeweza kuhariri Mika hakufaulu kumnyamazisha Mika.

Basi msomaji ataamuaje? Sidhani ipo kanuni inayomaliza kazi. Lipo swali linalosaidia: anayenukuu aya amefanya nini na ile inayompinga? Botha alinukuu Warumi 13 kwa raia aliowatawala bila ridhaa yao, bila kugusa Ufunuo. Waraka wa Kairos ulitumia kurasa zake kuijibu Warumi 13, na haukuishia hapo. Uliyakosoa pia makanisa yaliyohubiri upatanisho bila haki, yakiwemo yale ambayo watia saini wenyewe waliyatumikia. Mwenye kufaidika na aya ndiye anayedaiwa maelezo kwanza.

Deni hilo halijaisha. Mei 2008 wageni walipokuwa wakiuawa na kufukuzwa katika vitongoji vya jiji hili, Kanisa Kuu la Methodisti katikati ya mji liliwahifadhi maelfu, wakilala hata kwenye ngazi, huku kwingineko Wakristo waliokuwa na Biblia ileile wakiwataka majirani zao warudi kwao. Wakongomani na Watanzania wa Yeoville wanajua ni hoja ya nani iliyogonga mlango wao. Anayetaka kuitetea kwa Nehemia hakatazwi, kitabu kimo. Lakini atuambie kwanza amemweka wapi mama yake Obedi.