Magofu ya Kilwa Yasingoje Wahisani

Wageni wanaofika pwani ya kusini husifiwa kwanza jua, mchanga mweupe na visiwa. Hizo ni sifa za haki, ila jua liko pwani nyingi duniani. Kilwa Kisiwani pana mji wa mawe uliotawala biashara ya dhahabu ya Sofala na kupiga sarafu zake wenyewe, mji ambao Ibn Battuta aliufikia mwaka 1331 akausifu kwa uzuri wake.

Jumba la Husuni Kubwa, lililojengwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, liko ukingoni mwa mwamba juu ya bahari, na hapo ndipo penye hatari. Maji ya mvua huuchimba ukingo. Miti iliyoota humo huushika udongo usiporomoke, lakini mizizi yake hiyo hiyo hupasua kuta. Anayeikata yote huliangamiza jumba. Anayeiacha yote huliangamiza vilevile. Kazi hiyo yataka watu wa kukaa hapo mwaka mzima, wala si ya mtaalamu apitaye kwa majuma mawili.

Magofu haya, pamoja na yale ya Songo Mnara, yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, yakaondolewa mwaka 2014 baada ya ukarabati uliosaidiwa na mataifa rafiki. Shukrani zinawastahili. Lakini mvua hainyeshi kwa ratiba ya wahisani.

Hapana budi sehemu ya kutosha ya kiingilio cha wageni itengwe kila mwaka iwalipe mafundi wa visiwani, ili nyufa zizibwe kwa chokaa, si kwa saruji, ambayo ni ngumu mno kwa mawe ya matumbawe.

Walimu na watumishi wa umma nao wana lao. Tangu Daraja la Mkapa lifunguliwe mwaka 2003, msafiri wa Dar es Salaam havuki tena Rufiji kwa kivuko. Hata hivyo yapo madarasa yanayosoma habari za Kilwa ubaoni tu, hata katika mkoa wenyewe wa Lindi. Halmashauri zipange safari za wanafunzi kabla ya masika, wakati ukingo wa Husuni Kubwa ungali unakanyagika.