Hofu ya Televisheni na Uji wa Bibi



Mwezi huu twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo lililoingia majumbani mwetu bila ya kubisha hodi, nalo ni michezo ya televisheni iliyotungwa ili kutia hofu moyoni. Hatukusudii ile ya damu na mapanga, ambayo mzazi huitambua mara aionapo na akaizima. Twakusudia ile iliyo kimya zaidi, ambayo ndani yake hamna jini wala zimwi, bali mna mume, mke, mkwe na jirani, na mtazamaji huachwa saa nzima akijiuliza ni nani kati yao aliye adui.

Jambo hili lilitufikia tulipokuwa wageni katika kata ya Suguti, Wilaya ya Musoma. Ulikuwa usiku wa giza, na usiku kama huo katika kingo za Ziwa Viktoria una desturi yake. Wavuvi huwa majini wakivua dagaa kwa taa, kwa kuwa dagaa hufuata mwanga, na mwanga wa taa hauna nguvu panapokuwa na mbalamwezi. Nyumbani hubaki akina mama, wazee na watoto. Zamani saa hizo zilikuwa za hadithi. Leo, palipo na umeme wa nguzo au wa jua, ni saa za televisheni. Katika nyumba tuliyokaribishwa walikuwa wamekusanyika watu wapatao kumi, wa nyumba hiyo na wa majirani.

Mchezo walioutazama hatuutaji jina, maana mifano yake ni mingi. Ulikuwa mchezo wa kigeni uliotiwa sauti za Kiswahili, nao ulieleza habari za mke kijana ambaye vitu vyake vyahamishwa usiku na dawa zake zabadilishwa, na kila alalamikapo huambiwa kuwa ameanza kurukwa na akili. Alimshuku mumewe, kisha mtumishi, kisha daktari. Mwishowe ikadhihirika kuwa mwovu ni yule shangazi mzee aliyemlea, aliyekuwa akimlisha kwa mkono wake mwenyewe.

Ulipokwisha, kila mtu alikuwa na maoni yake, nasi twayaandika kama tulivyoyasikia. Kijana mmoja wa sekondari alisema kuwa hajapata kuona mchezo uliotungwa kwa ustadi kama huo, na kwamba umemfundisha kutomwamini mtu yeyote. Mama wa jirani alisema kuwa mchezo ni mzuri lakini hatalala, kwa kuwa mumewe yuko ziwani na mlango wake haufungi vizuri. Mzee mmoja alisema kuwa uongo ni uongo, na kwamba wanaoogopa uongo ni watoto. Mwenye nyumba alisema kuwa mtunzi amewadhulumu wazee. Mtoto wa kike wa miaka sita, aliyekuwa ameegemea ukuta, hakuulizwa neno, wala hakusema.

Asubuhi yake bibi wa nyumba ile alimpa mtoto huyo kikombe cha uji kama ilivyo ada yake. Mtoto aliutazama uji, akamtazama bibi machoni, akarudi nyuma. Hakuupokea. Bibi alicheka kwanza, akidhani ni mzaha. Kisha akaacha kucheka. Macho yake yalikuwa mekundu, kama yalivyo macho ya akina bibi wengi wanaopikia kuni katika jiko lisilo na dirisha.

Ndugu zetu, hayo pia yalikuwa maoni ya mtazamaji, na sisi twayahesabu kuwa ndiyo mazito kuliko yote yaliyosemwa usiku ule.

Yatupasa kwanza tuwe waadilifu kwa ufundi wenyewe. Hofu ya namna hii haitokani na kinachoonyeshwa, bali na kinachofichwa. Mwezi wa Novemba 1971, huko Marekani, ilionyeshwa katika televisheni sinema iitwayo Duel, iliyoongozwa na Steven Spielberg akiwa bado kijana. Habari yake ni fupi: mtu mmoja asafiri kwa motokaa yake, na lori kuukuu la kubebea mafuta lamwandama barabarani likitaka kumwua. Basi. Uso wa dereva wa lori haukuonyeshwa mpaka mwisho, na kila mtazamaji aliuchora mwenyewe moyoni mwake. Huo ni ustadi mkubwa, na hatuoni haya kuusifu. Lakini tujiulize: mtazamaji wa mjini, asiyewajua majirani zake, huenda akauchora uso wa mtu asiyemjua. Je, mtoto wa kijijini, ambaye watu wote awajuao ni wale wa boma lake na la jirani, atauchora uso wa nani?

Tena kuna habari ya Uingereza ambayo kila mzazi angefaa kuijua. Usiku wa tarehe 31 Oktoba 1992, BBC ilionyesha mchezo uitwao Ghostwatch, uliotungwa na Stephen Volk. Mchezo huo ulikuwa umekwisha kupigwa picha majuma mengi kabla, lakini uliandaliwa ufanane na matangazo ya moja kwa moja kutoka nyumba yenye pepo. Msimamizi wake alikuwa Michael Parkinson, mtangazaji aliyeheshimiwa sana, akijiigiza yeye mwenyewe. Na aliyepelekwa ndani ya nyumba ile alikuwa Sarah Greene, bibi ambaye watoto walimjua na kumpenda kwa vipindi vyao. Jina la mtunzi lilitajwa mwanzoni, ila wengi hawakulishika. Watu wapatao milioni 11 waliutazama, na simu za BBC zikasongamana kwa wingi wa waliopiga.

Maoni ya watazamaji yaligawanyika, kama yalivyogawanyika Suguti. Wako waliosema ni kazi ya sanaa isiyo na mfano, na mpaka leo wako wanaousifu. Wako waliokasirika kwa kuwa waliamini, kisha wakajiona wamechezewa. Mwaka 1994 madaktari waliandika katika jarida la British Medical Journal habari za wavulana wawili wa miaka kumi waliopatwa na maradhi ya woga baada ya kuutazama. Mwaka 1995 baraza la kusimamia maadili ya utangazaji liliamua kuwa watazamaji hawakupewa dalili za kutosha za kuwajulisha kwamba ni mchezo tu. BBC haikuurudia tena katika televisheni yake.

Lakini liko jambo dogo katika habari hiyo ambalo sisi tumelipenda kuliko yote. Baada ya mchezo ule, Sarah Greene alitokea katika kipindi cha watoto, mzima wa afya, akawatuliza na kuwaeleza kuwa halikumpata lolote. Hakuna aliyewahi kupunguza hofu ya mtoto kwa kumwambia kuwa yeye ni mjinga. Hupunguzwa kwa mtu amwaminiye kuja mbele yake na kumfumbulia fumbo.

Na jambo hili si geni kwetu. Televisheni bara ilianza mwaka 1994 tu, ingawa ndugu zetu wa Zanzibar walikuwa nayo, tena ya rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Watu wengi wa Tanzania walijifunza kutazama sinema za kigeni katika vibanda vya video, na humo kulikuwa na mfasiri aliyesema juu ya sauti za sinema, kama yule wa Dar es Salaam aliyejulikana kwa jina la Lufufu. Mfasiri hakufasiri maneno tu. Alieleza, alitania, alimkemea mwovu kabla hajatenda, na kuwatayarisha watu kwa litakalokuja. Hapana mtazamaji aliyeachwa peke yake na hofu yake. Televisheni ya nyumbani imekuja bila ya mfasiri huyo, na mahali pake pamebaki patupu. Ni nani atakayepajaza kama si mzazi?

Sasa twende kwenye kiini. Mchezo wa hofu hufanya kazi kwa dhana, na dhana katika nchi yetu si mchezo. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa wazee, na hasa akina mama, wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na katika dalili zilizotajwa na wauaji ni macho mekundu. Macho hayo ni ya moshi wa kuni na wa samadi, nao wameuvumilia maisha yao yote ili watoto wao wale. Hatusemi kuwa televisheni ndiyo iliyoyaleta mauaji hayo. Yalikuwako kabla yake, na yana mizizi yake. Twasema tu kwamba mbegu ya dhana ianguakapo katika udongo uliokwisha kulimwa huota upesi. Yule kijana aliyesema amefundishwa kutomwamini mtu yeyote hakujua kuwa bibi yake alikuwa akimsikia.

Katika Sura ya Al-Hujurat, aya ya 12, Mwenyezi Mungu ametukataza wingi wa dhana, kisha upelelezi, kisha kusengenyana. Angalieni mpangilio huo. Dhana huzaa kuchungulia, na kuchungulia huzaa maneno, na maneno yakishatoka hayarudi.

Naye Bwana Mtume (s.a.w.) ametuachia mfano ulio wazi. Usiku mmoja alikuwa akimsindikiza mkewe, Bibi Safiyya, kutoka msikitini, wakapita watu wawili wa Ansari, wakaharakisha mwendo. Akawasimamisha, akawajulisha kuwa bibi huyo ni Safiyya, mkewe. Walistaajabu, kwani hawangethubutu kumdhania vibaya. Naye akawabainishia kuwa alichelea Shetani asije akawatia kitu mioyoni. Yeye aliye mwaminifu kuliko watu wote hakuwaacha waende na fumbo gizani. Basi sisi ni nani hata tuwaache watoto wetu walale nalo?

Kwa hiyo twashauri mambo matatu, nayo si mazito.

Kwanza, mzazi ajue nini kitaonyeshwa kabla watoto hawajakaa. Mchezo uliotungwa kwa watu wazima uachwe mpaka wadogo walale. Si lazima televisheni itupwe nje. Yatosha ijue kuwa nyumba ina mwenyewe.

Pili, maoni yasiwe ya wakubwa peke yao. Mchezo ukiisha, aulizwe aliyenyamaza. Aelezwe kuwa yule shangazi ni mwigizaji aliyelipwa ujira, kwamba alikwenda kwake kula chakula cha jioni, na kwamba vitu havikuhama ila vilihamishwa na mafundi. Kueleza hivyo hakuuharibu mchezo. Kijana apendaye ufundi atapata faida zaidi akiujua ulivyofanywa.

Tatu, vijana waache mzaha wa kugonga madirisha na kujifanya mizimu baada ya mchezo. Masahaba walipata kuchukua kamba ya mwenzao aliyelala safarini, akaamka kwa fazaa, na Bwana Mtume akawakataza Waislamu kumtisha mwenzao. Kamba tu ilitosha kukatazwa. Basi seuze kumtisha mdogo wako ilhali baba yuko ziwani.

Na wale watakaouliza habari za mtoto wa Suguti, twawajibu. Mama yake hakumgombeza. Alikitwaa kikombe, akanywa funda la kwanza, akakiweka. Kisha alimshika mkono mwanawe, akaingia naye katika jiko la bibi, wakakaa mbele ya kuni mbichi zilizokuwa zikifuka, mpaka mtoto akakohoa na machozi yakamtoka. Walipotoka nje alimpa kioo cha kujitazamia. Mtoto alijitazama, akaona macho yake mwenyewe yamekuwa mekundu. Akanyamaza kitambo. Kisha akamwendea bibi, akaketi karibu naye, akauomba uji ule, nao ulikuwa umekwisha kupoa.

Mwenyezi Mungu atulinde sisi na watoto wetu na shari ya dhana, na awape wazee wetu amani katika nyumba walizozijenga. Wabillahi tawfiq.