Nani Kasema Huko Hakuna Kitu?

Kila likizo ndefu inapokaribia kwisha, sisi walimu wa Kiswahili huwapa wanafunzi wetu insha ile ile: "Safari Niliyoifurahia". Wala hatuna haja ya kufungua madaftari ili kuyajua yaliyomo. Watakuwamo tembo na twiga, itakuwamo hoteli ya ufukweni, na akitokea mwanafunzi aliyekwenda milimani, basi mlima wenyewe utakuwa Kilimanjaro na theluji yake. Tusiwalaumu watoto. Wameandika walichokisoma katika vitabu tulivyowapa, na vitabu hivyo tumevitunga sisi.

Juu ya jambo hili hatuna budi kusema bayana, hata kama baadhi ya wenzetu watachukia. Mtajie mwalimu mwenzako kwamba unapanga kwenda kupumzika Bukirasazi, katika nyanda za juu za Gitega nchini Burundi. Kwanza atakuuliza ni wapi huko. Ukisha kumweleza, atakujibu kwa huruma: "Lakini huko hakuna kitu!" Maneno hayo, ukiyachambua vizuri, yana maana moja tu: huko hakuna kitu ambacho mgeni wa ng'ambo amekwisha kukipiga picha. Tumewaachia wengine watuchagulie hata mahali pa kupumzikia.

Hebu tuipime kauli hiyo kwa safari yenyewe. Mwalimu anayetoka Ngara, Tanzania, huvuka mpaka wa Kabanga, akaingia Burundi kwa lango la Kobero, na papo hapo huwa yumo katika nchi ya Muyinga. Hapo jirani imo Hifadhi ya Taifa ya Ruvubu, iliyoanzishwa mwaka 1980 kandokando ya mto wa jina hilo. Kutoka Muyinga barabara hupitia Karusi hadi Gitega, mji ulio kwenye kimo cha mita 1,500 hivi, ambao Wajerumani waliufanya kituo chao mwaka 1912, na ambao tangu mwaka 2019 ndio makao makuu ya kisiasa ya Burundi. Pana Makumbusho ya Taifa yaliyoanzishwa mwaka 1955. Mwendo mfupi kutoka mjini pana Gishora, patakatifu pa ngoma za kifalme, ngoma ambazo UNESCO iliziingiza mwaka 2014 katika orodha ya urithi wa binadamu.

Mwalimu wa lugha akifika Gishora bila daftari, amepoteza nauli yake. Katika Kirundi neno *ingoma* ni chombo kinachopigwa, na ni ufalme wenyewe pia. Kwetu ngoma ni chombo, ni mchezo, ni sherehe nzima. Neno moja limetoka katika shina moja, likapanda mlima na kushuka pwani, na kila mahali limechukua sura ya watu wake. Somo hilo halimo katika kitabu chochote tunachowapa wanafunzi kuhusu likizo.

Kusini mwa Gitega ndiko Bukirasazi. Ukizidi kwenda kusini-mashariki utafika upande wa Rutana, yaliko maporomoko ya maji ya Karera. Na huko Rutovu, upande wa Bururi, ipo chemchemi ambayo juu yake ilijengwa piramidi ndogo mwaka 1938, kuonyesha chanzo cha Nili kilicho kusini kabisa. Maji yake huishia katika Mto Ruvyironza, nao Ruvyironza huingia Ruvubu, Ruvubu huingia Kagera, Kagera humwaga katika Ziwa Viktoria, na mwisho wa safari ni Misri. Je, nchi inayoinywesha Misri ndiyo tunayosema haina kitu?

Tutaambiwa kwamba vivutio vyote tulivyovitaja viko pembeni, na Bukirasazi penyewe hapana umaarufu wa namna hiyo. Ni kweli, na hiyo ndiyo sababu tunapataja. Vilima vya huko havina theluji. Hata Heha, mlima mrefu kuliko yote nchini Burundi, una mita 2,670 tu, wakati Kilimanjaro una mita 5,895. Lakini vilima vya Burundi vina watu. Mrundi wa jadi hakuishi katika kijiji cha nyumba zilizobanana. Aliishi katika *rugo* lake, katikati ya migomba na mashamba, na kaya zikasambaa juu ya kilima kizima. Hata utawala wa serikali umeteremka hadi ngazi ya kilima. Miji midogo imeota baadaye, palipo na soko, ofisi, shule na kanisa. Anayetaka kuielewa nchi hiyo na aketi siku mbili katika mji mdogo kama huo, aone watu wakishuka kutoka vilimani asubuhi ya soko na kupanda tena jioni.

Upo ubishi wa pili, nao ni mbaya zaidi kwa sababu hutoka vinywani mwa walimu. Husemwa kwamba Kiswahili cha huko bara ni kibovu, na mwalimu akienda kukaa nacho atarudi ameharibika ulimi. Tunawauliza wasemao hivyo: kibovu kwa kipimo cha nani? Kiswahili kilifika Burundi kwa misafara ya biashara, kikatumiwa na utawala wa Wajerumani, kikajenga mitaa yake kama Buyenzi mjini Bujumbura. Kwa muda mrefu jina la Mswahili lilibeba dharau nchini humo. Lilimaanisha mjanja asiyeaminika. Wasemaji wake waliivumilia dharau hiyo na lugha wakaishika. Leo inasomeshwa shuleni, na tangu mwaka 2007 Burundi ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Watu walioitunza lugha yetu katika shida hawastahili kukaguliwa, wanastahili kutembelewa.

Nasi tusijidanganye. Vilimani Bukirasazi lugha ya watu ni Kirundi. Kiswahili utakipata sokoni, kwa madereva na kwa wafanyabiashara, wala si kila mlangoni. Mwalimu atakayekwenda huko akidai ajibiwe kwa Kiswahili sanifu atakuwa amelitia lugha yetu doa lile lile la zamani. Ajifunze kwanza kusema *bwakeye* asubuhi na *mwiriwe* jioni. Atagundua kwamba *amazi* ni maji, *umuntu* ni mtu, na *isoko* ni soko, na atacheka kwa furaha ya mtu aliyekutana na ndugu asiyemjua.

Basi na tupange. Majira mazuri ni ya kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti, mvua zikiwa zimekwisha na njia za vilimani zimekauka. Usiku kuna baridi, na sweta si mzigo. Anayetumia ramani ya zamani ajihadhari: mwaka 2025 mikoa ya Burundi ilipunguzwa kutoka 18 hadi 5, na Muyinga, uliokuwa mkoa, sasa umo katika mkoa wa Buhumuza. Na kila mwalimu atakayekwenda arudi na mambo matatu: mazungumzo ya sokoni aliyoyaandika kwa idhini ya wenyewe, orodha ya maneno yanayofanana katika lugha hizi mbili, na maelezo ya kilima kimoja na watu wake. Kwa hayo tutatunga somo jipya la safari, tuyafute yale ya hoteli na twiga.

Wahenga walisema nyumba usiyolala ndani hujui ila yake. Sisi tunaongeza kwamba hata uzuri wake hutaujua. Kiswahili tunakiita lugha ya Afrika Mashariki nzima, na kila tarehe 7 Julai tunaiadhimisha siku yake kwa hotuba. Tarehe hiyo huangukia katikati ya kiangazi cha Burundi. Mwaka ujao wachache wetu na waiadhimishe wakiwa njiani, baina ya Muyinga na Bukirasazi.