Mahabusu Bado Hajahukumiwa



Tarehe 7 Agosti 2013, Erasto Msuya, mfanyabiashara mashuhuri wa tanzanite, aliuawa kwa risasi katika eneo la Mijohoroni, wilayani Hai. Jina la Msuya si geni katika milima yetu ya Upare, na habari hiyo ilizungumzwa katika kila kijiwe, tangu Mwanga hadi Hedaru. Mei 2016 dada yake, Aneth, naye aliuawa nyumbani kwake Kigamboni, Dar es Salaam. Mwaka huohuo mjane wa Erasto na mwanamume mmoja walishtakiwa kwa mauaji ya Aneth. Walikaa mahabusu zaidi ya miaka saba. Februari 2024 Mahakama Kuu iliwaachia huru, kwa kuwa upande wa mashtaka haukuweza kuthibitisha kosa.

Hatuandiki ili kuikosoa hukumu hiyo wala kuisifu. Twataka kuitazama ile miaka saba. Mtoto aliyezaliwa siku mama huyo alipokamatwa alikuwa amekwisha kuanza darasa la kwanza siku alipoachiwa. Ni nani atakayeirudisha miaka hiyo? Na ndugu wa marehemu Aneth, waliongoja haki kwa muda huohuo, wamebaki bila kujua ni nani aliyemuua. Ucheleweshaji umewaumiza watu wa pande zote mbili.

Katiba yetu, katika ibara ya 13(6)(b), yasema kwamba mtu aliyeshtakiwa kwa kosa la jinai asitendewe kama mwenye kosa mpaka itakapothibitika kwamba anayo hatia. Lakini Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985, katika kifungu kilichojulikana kwa miaka mingi kwa namba 148(5), imetaja makosa ambayo mshtakiwa wake hapewi dhamana kabisa: mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, ugaidi, utakatishaji wa fedha na mengineyo. Hapo hakimu amefungwa mikono. Haruhusiwi hata kuuliza kama mtu aliyesimama mbele yake ni mgonjwa, ni mzee, au ana watoto wachanga. Anayeandika hati ya mashtaka ndiye, kwa kuchagua jina la kosa, anayeamua nani alale nyumbani na nani alale gerezani.

Jambo hili limebishaniwa mahakamani kwa muda mrefu. Mwaka 1991, katika shauri la Daudi Pete, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilibatilisha sehemu moja ya kifungu hicho, kwa kuwa haikuweka utaratibu wa kumtenganisha mshtakiwa aliye hatari kwa jamii na asiye hatari. Mei 2020 Mahakama Kuu, katika shauri la Dickson Sanga, iliona kwamba kifungu chote cha 148(5) kinapingana na Katiba. Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo, na kifungu kikabaki. Basi kazi imebaki mikononi mwa Bunge. Majirani zetu wa Kenya, kwa Katiba yao ya mwaka 2010, wamemwachia hakimu au jaji apime kila shauri, hata la mauaji, na kumnyima mshtakiwa dhamana pale tu penye sababu nzito. Twaamini kwamba hiyo ndiyo njia iliyo bora. Hakimu aliyeaminiwa kumfunga mtu miaka 30 hawezi kukosa kuaminiwa kupima dhamana.

Wako watakaosema kwamba mambo haya ni ya matajiri wa madini na ya wanasiasa. Sivyo. Mirungi, ambayo ng'ambo ya mpaka ni zao halali la biashara, kwetu ni dawa ya kulevya, na mashamba yake katika milima ya Same yamefyekwa katika operesheni za serikali. Kijana aliyepewa mabegi ayasafirishe kwa ujira mdogo, mzigo ukivuka uzito uliotajwa na sheria, naye ataingia katika kundi la wasio na dhamana. Mwenye mzigo mara nyingi hayumo garini. Hatuitetei mirungi, wazazi wanajua inavyowaharibu vijana. Tunachosema ni kwamba kijana huyo naye hajahukumiwa, na kila baada ya siku 14 atapandishwa kizimbani asikie maneno yaleyale, kwamba upelelezi bado haujakamilika.

Na sisi tulioko nje tunafanya nini? Hapa hatuna budi kusema wazi. Mtu akikamatwa leo, kesho kijiji kimekwisha kumhukumu. Mkewe hasalimiwi kisimani. Watoto wake huitwa watoto wa jambazi. Akipata dhamana, kwa kosa linaloiruhusu, watu husema kwamba ametoa rushwa, na wengine hufikiri kumchomea nyumba. Dhamana si kuachiwa huru, ndugu zangu. Ni ahadi ya kurudi mahakamani, yenye wadhamini na masharti, na asiyerudi hukamatwa. Viongozi wa walei walieleze jambo hili katika jumuiya ndogondogo kabla ya tukio, kwa sababu baada ya tukio hakuna atakayesikiliza.

Mwaka 2023 Rais aliunda Tume ya Haki Jinai chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, nayo ikawasilisha taarifa yake Julai mwaka huohuo. Yafaa tuwaulize wabunge wetu, wanapokuja kuhutubia Same, Kisiwani au Gonja, wamefanya nini kuhusu dhamana. Wazee wetu walishuka kwa maelfu kutoka milimani mwaka 1945, wakakaa Same wakiipinga kodi ya mbiru. Swali moja kwa mbunge ni jambo jepesi kuliko lile.

Wakati sheria ikingoja, yapo yaliyo katika uwezo wetu. Parokia zijue ni waamini gani wako mahabusu, na jumuiya zipange zamu ya kuwatembelea, hasa wale ambao ndugu zao hawana nauli ya kushuka mlimani. Msaragambo tunaouitisha kwa barabara na shule uitishwe pia kwa shamba la tangawizi la aliyekamatwa, ili ada za watoto zisikatike. Na zamu yake ya maji ya ndiva asipewe mtu mwingine. Mkewe aendelee kuyafungulia maji siku ileile aliyokuwa akiyafungulia mumewe.